Mguu Juu ya Kabati

Nyumbani kwao walimwita Maswali tangu alipokuwa na miaka minne, na jina likamganda kiasi kwamba hata kwenye kadi za mwaliko wa mahafali yake baba yake aliandika "Mahafali ya binti yetu Maswali". Alihitimu shahada ya anthropolojia. Miezi kumi na minne baadaye alikuwa bado analala chumba kimoja na mdogo wake wa kike, anapika, anafua, anatuma barua za maombi ya kazi, na anamjibu kila mgeni aliyeingia sebuleni swali lile lile.

"Umesomea nini, mwanangu?" shangazi yake aliuliza siku moja, kana kwamba hajawahi kuuliza.

"Anthropolojia, shangazi."

"Hiyo ndiyo ya kufukua mifupa?"

"Mifupa ni tawi moja tu. Mimi nilisoma namna watu wanavyoishi."

"Namna watu wanavyoishi," shangazi alirudia taratibu, akamgeukia kaka yake. "Na hilo lilihitaji miaka mitatu?"

Baba yake Maswali hakucheka. Alikuwa fundi bomba, na kwake yeye kazi ilikuwa kitu ambacho mtu anaweza kukionyesha kwa kidole: hili hapa nililifunga mimi, lile kule halivuji tena. Alikuwa amekwisha kumletea bintiye fomu za kozi ya ugavi. Kaka mtu, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya bima, alikuwa amemtafutia nafasi ya kupokea simu za wateja. Fomu za ugavi zilikaa juu ya friji, na kila mtu aliyefungua friji alizitazama, kisha akamtazama Maswali.

Wenzake wa darasani walikuwa wametawanyika kama mbegu za pamba. Mmoja alikuwa makumbusho, akibandika maelezo kwenye vyungu. Mwingine kampuni ya simu ilimlipa ashinde masokoni akiangalia wauza mboga wanavyotumia simu zao. Wa tatu alisikiliza kesi za mashamba kwenye kambi za waliohamishwa, na wa nne aliuza vigae, akasema kuuza hakufundishwa ila kumsikiliza mteja alifundishwa vizuri sana. Kazi zilikuwepo. Tatizo ni kwamba hakuna mahali palipobandikwa tangazo la kumtafuta mwanaanthropolojia. Ilikupasa uisome kazi yenye jina lingine mpaka ujione ndani yake.

Maswali alijiona siku alipompeleka mama yake kliniki ya macho. Kwenye ubao wa hospitali palikuwa na karatasi iliyolegea pembe moja: karakana ya miguu bandia ilihitaji karani wa kufuatilia wagonjwa, kwa miezi mitatu.

Usaili ulifanywa na mkuu wa kituo, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Alimuuliza kama anaweza kutumia kompyuta na simu. Akasema anaweza.

"Na hii anthropolojia, ni kitu gani?"

"Ni kukaa na watu mpaka uelewe kwa nini wanafanya wanachofanya."

"Hapa hutakaa na mtu," mkuu alisema, akiandika. "Utapiga simu."

Jioni ile kaka yake aliposikia alisema, "Basi mifupa umeipata, ingawa ni ya plastiki." Nyumba nzima ilicheka, na Maswali akacheka nao, maana angalau sasa alikuwa na mahali pa kwenda asubuhi.

Karakana ilikuwa nyuma ya hospitali, chumba kirefu chenye vumbi jeupe la plasta hata kwenye majani ya maua ya dirishani. Ukutani zilipangwa nakala za plasta za vigutu vya watu, kila kimoja kimeandikwa namba kwa kalamu ya bluu. Mwisho wa chumba palikuwa na tanuri la kulainishia plastiki, na mbele yake alisimama fundi mkuu, mtu wa miaka hamsini na minane, mikono mipana, maneno machache. Alikuwa ametengeneza miguu kwa miaka ishirini na sita. Akimaliza kikombe, yaani ile sehemu inayoshika kigutu, alifumba macho na kukipitishia kidole gumba ndani, pole pole, kutafuta kipele kidogo ambacho jicho halikioni.

Maswali alipewa meza, simu na fomu ya maswali kumi na moja. Karibu yote yalijibiwa kwa ndiyo au hapana. Unauvaa mguu wako? Unauvaa kila siku? Unakuumiza? Umeridhika? Mwisho wa wiki ya tatu alikuwa amepiga simu mia moja na arobaini, na watu mia na ishirini na tisa walikuwa wamesema wanavaa kila siku na wameridhika.

Mkuu alifurahi. Fundi hakushangaa.

"Miguu yangu hairudi," alimwambia Maswali, akiosha plasta mikononi. "Ule mpira wa wayo, kitabu kinasema ubadilishwe kila mwaka mmoja na nusu. Wangu wanakaa miaka mitatu, minne, hawaji."

Alilisema kwa fahari, na Maswali akatikisa kichwa kumkubalia. Lakini njiani kurudi nyumbani neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Baba yake alimaliza kisigino cha kiatu kwa miezi minane. Huu ulikuwa mpira, chini ya uzito wa mtu mzima, siku zote, miaka minne? Kesho yake alifungua daftari la matengenezo. Kwa miaka miwili, watu kumi na tisa tu walikuwa wamekuja kubadilisha wayo, na waliopewa miguu walikuwa zaidi ya mia mbili.

Alikwenda kwa mkuu kuomba ruhusa ya kuwatembelea wachache.

"Gari halipo," mkuu alisema.

"Sihitaji gari. Nitaanza na wanaokaa karibu."

"Na simu utapiga lini?"

"Asubuhi simu, mchana nyumba."

Mkuu alimtazama juu ya miwani, akaona hakuna hasara.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mjane aliyekatwa mguu wa kushoto chini ya goti baada ya kidonda kilichokataa kupona. Alikaa chumba kimoja kilichotazama barabara, nyuma ya kiwanda cha magodoro, cherehani yake ikiwa mlangoni ili apate mwanga. Maswali alimkuta ameketi, anakanyaga pedeli kwa mguu mmoja, upesi upesi. Mguu bandia ulikuwa juu ya kabati, umefungwa kwa shuka safi kama mtoto mchanga.

Alisubiri mpaka wamalize salamu na habari za kazi. Kisha akasema, "Mama, kwenye simu uliniambia unauvaa kila siku."

Mama akakata uzi kwa meno. "Wewe ulipiga kutoka hospitali. Una adabu zako, shikamoo mama, hujambo mama. Mtu amenitengenezea mguu kwa mikono yake, halafu mtoto wa kazini kwake anapiga kuuliza kama nautumia. Ungekuwa wewe ungejibuje?"

Maswali akafikiri. "Ningesema ndiyo."

"Ehe."

Alikaa pale mchana ule, na mchana wa pili, akimbania pini kwenye pindo za sketi za shule. Aliona mwenyewe. Mama akivaa mguu, wayo usiokunjika uligonga chuma cha cherehani kila alipokanyaga. Akiuvua apate kufanya kazi, anakaa hivyo kutwa nzima, na kuuvaa tena jioni kwa ajili ya kwenda uani hatua kumi na mbili aliona ni kazi bure. Hakuwa na magongo. Aliyarudisha siku alipopewa mguu. Alikuwa anashika ukuta. Uani palikuwa na utelezi.

"Ila yule fundi asijue," mama alisema siku ya pili, Maswali alipokuwa anaaga. "Siku ya kwanza niliposimama alinishika mkono, akanitembeza kama bibi harusi. Sitaki asikie."

"Hatajua, mama."

Baada ya hapo alikwenda kwa wengine. Mwalimu mstaafu alisema anauvaa akitoka tu, kwa sababu ndani ya nyumba ulikuwa unamwangusha kinyumenyume, naye hakujua kwa nini. Alidhani ni uzee. Fundi redio mmoja, kijana wa miaka thelathini na kitu, alikuwa na sababu ambayo Maswali aliiandika usiku akaisoma mara tatu.

"Nilipokuwa na magongo," alisema, "jirani alinichotea maji, mtoto wa jirani alinibebea mzigo, kwenye foleni walinipisha. Nilipovaa mguu na suruali ndefu, kila mtu akasema nimepona. Maumivu ni yale yale, ila msaada umekwisha. Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Wao wanadhani."

Kwa wiki tano alifika nyumba thelathini na moja. Wote kwenye simu walikuwa wamesema ndiyo. Waliouvaa mguu kweli walikuwa kumi na wawili.

Taarifa aliiandika kwenye meza ya jikoni, na ilikuwa mara ya kwanza tangu amalize chuo kuona kichwa chake kinafanya kazi kiliyofundishwa. Aliandika vizuri. Aliandika vizuri kupita kiasi. Majina hakuyaweka, alikumbuka hilo. Lakini aliandika "fundi cherehani, mjane, mguu wa kushoto chini ya goti, nyuma ya kiwanda cha magodoro", akaeleza na ile shuka, kwa sababu sentensi ilikaa vizuri nayo. Alitoa nakala tatu akazipeleka kikaoni.

Mkuu alisoma kimya. Fundi alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na kwenye ukurasa wa pili kidole kikasimama.

"Huyu ni namba mia tatu na kumi na mbili," alisema. "Kikombe chake nilikitengeneza mara tatu mpaka kikakaa."

Fundi alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani, akatoka. Hakufunga mlango kwa nguvu. Aliuacha wazi.

"Taarifa hii inakwenda wizarani," mkuu alisema. "Wakisoma kumi na wawili kati ya thelathini na moja, watatuuliza karakana ni ya nini."

"Na wakisoma mia na ishirini na tisa kati ya mia na arobaini?"

"Watatupongeza."

"Na miguu itakaa juu ya makabati."

Mkuu alivua miwani akaisugua kwa upande wa gauni. "Niachie wiki moja," akasema.

Kesho yake mchana Maswali alikwenda kwa fundi cherehani. Alipokuwa bado barabarani alisikia mlio ambao hakuuzoea, chuma kikigongwa, ko, ko, ko. Mama alikuwa ameuvaa mguu, anashona nao.

"Jana alikuja," mama alisema bila kuinua kichwa. "Alisimama hapo ulipo, kofia mkononi. Angegomba ningejua la kumjibu. Aliniomba radhi. Mtu mzima vile, ananiomba radhi kwa mguu alionitengenezea. Nilitamani ardhi ipasuke." Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Nilikwambia nini siku ile?"

"Uliniambia asijue."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilisema hatajua."

Maswali alitaka kusema kwamba jina hakuliandika. Neno lilifika hadi ulimini, akalimeza. Mwaka wa pili chuoni palikuwa na somo zima juu ya jambo hili, la kumlinda mtu aliyekufungulia mlango wake, na kwenye mtihani wake alipata themanini na moja, alama ya juu darasani. Aliikumbuka alama ile akaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Nimekosa, mama. Sina cha kujitetea."

"Nimesikia," mama alisema. "Sasa nenda. Nina nguo za watu."

Alikwenda moja kwa moja karakana. Fundi alikuwa anakwangua plasta, mgongo kwake. Maswali alisimama karibu na tanuri, akamwambia kwamba alipaswa kuja kwake kwanza, peke yake, kabla ya kikao na kabla ya karatasi. Kwamba alimwahidi mtu akavunja ahadi. Na kwamba kazi yake fundi hakuna hata mtu mmoja aliyeisema vibaya katika nyumba zote alizoingia.

Fundi aliendelea kukwangua. Vumbi lilianguka kwenye viatu vyake.

"Mtu akiniambia kikombe kinauma, najua la kufanya," alisema hatimaye. "Wamekaa kimya miaka yote hii. Wananionea huruma mimi?" Akapuliza vumbi. "Huyo mwalimu anayeanguka kinyumenyume. Anakaa wapi?"

"Siwezi kukwambia mpaka nimuulize mwenyewe."

Fundi aligeuka akamtazama, mara ya kwanza tangu aingie. "Basi muulize," akasema. "Nasubiri."

Maswali akampigia simu mwalimu palepale. Mwalimu akasema waje, ila wasije saa ya taarifa ya habari.

Mke wa mwalimu aliwapokea mlangoni. Palikuwa na safu ya viatu kando ya kizingiti, na fundi akainama akavua vyake, kama mgeni yeyote. Walipoketi, mwalimu aliombwa avae mguu, aende dirishani na kurudi. Hatua tatu akaanza kulala nyuma, mikono ikitafuta meza. Fundi alipiga magoti sakafuni, akatazama wayo wa mpira ulivyogusa vigae. Alikaa pale chini muda mrefu.

"Leta kiatu chako cha nje," akasema.

Mwalimu alipovaa kiatu, alisimama wima kama mlingoti. Fundi aliweka kidole kati ya kisigino na sakafu kukadiria kimo.

"Nimekupima ukiwa na viatu," alisema, na alikuwa anajisemea mwenyewe zaidi kuliko mwalimu. "Nimewapima wote wakiwa na viatu. Kule kwangu sakafu ni saruji na plasta, nani avue? Ukitoa kisigino mguu mzima unalala nyuma. Hili nalijua. Hata mwanagenzi analijua. Sikujua kwamba mnavua."

"Si ungeuliza," mke wa mwalimu alisema.

"Ndiyo," fundi alijibu. "Ningeuliza."

Alimtengenezea ndara ya ndani yenye kisigino cha mpira cha kimo kile kile. Ya kwanza ilikuwa nzito, ya pili iliteleza, ya tatu ikakaa. Kati ya wale kumi na tisa wasiovaa, saba walikuwa na tatizo hilo la kisigino, na wote walikubali kutembelewa. Fundi redio alikubali pia, akawakaribisha vizuri, akaeleza habari ya jirani na maji. Walipotoka fundi alitikisa kichwa. "Hilo siwezi kulichonga," akasema. Maswali naye hakuwa na la kufanya zaidi ya kuliandika, safari hii bila kutaja redio.

Mkuu alipeleka wizarani hesabu zote mbili, ya simu na ya nyumba, pamoja na ukurasa ambao fundi aliuandika kwa mkono wake kuhusu visigino. Kabla bahasha haijatoka, Maswali aliisoma upya taarifa yake yote, akafuta mitaa, umri na shuka. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu, mistari miwili: wameipokea, na wanaomba taarifa kama hiyo kila robo mwaka. Hakuna aliyepongezwa na hakuna kilichofungwa. Maswali alikuwa amekwisha kuongezewa mkataba wa mwaka mmoja kwa jina lile lile la karani wa kufuatilia wagonjwa, kwa kuwa fomu ya utumishi haikuwa na jina lingine.

Nyumbani baba yake alimtaka amweleze tena kazi yenyewe.

"Fundi akishatengeneza mguu," Maswali alisema, "mimi naenda kuona unafanyaje kazi nyumbani kwa mtu."

"Kama mimi ninavyorudi kuangalia bomba."

"Ndivyo."

"Mafundi wengi hawarudi," baba yake alisema. Siku iliyofuata fomu za ugavi hazikuwepo juu ya friji.

Kwa fundi cherehani Maswali alirudi mara nne. Alimpelekea magongo, na mama akayapokea, akayajaribu uani, akasema yanafaa. Mguu aliurudisha juu ya kabati, na fundi mwenyewe alimtumia ujumbe kwamba pale ni mahali pake sawa, auteremshe akiwa na safari. Mama alimjibu Maswali kila alichouliza, ndiyo, hapana, nashukuru. Kiti alimpa. Pini hakumpa tena, na Maswali hakuziomba.

Mwezi wa tano wa mkataba mpya mkuu alitoa utaratibu kwamba kabla plasta haijagusa kigutu cha mtu yeyote, watu wawili wa karakana wafike kwanza kwake, kama mwenyewe ataridhia. Mtu wa kwanza chini ya utaratibu huo alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mwenye sauti nene aliyekatwa mguu baada ya ajali. Aliwakalisha kwenye mkeka, akawatazama mmoja mmoja, akauliza vipimo vitaanza saa ngapi.

"Vipimo baadaye," fundi alisema. "Kwanza tuambie, asubuhi ukiamka unaanza na nini?"

Maswali alifungua daftari. Mpishi alianza na kuwasha jiko saa kumi na moja alfajiri, akaeleza sufuria zilivyo nzito na sakafu ya jikoni inavyomwagikiwa na uji, na mpaka jua linafika utosini hawakuwa wamemaliza hata habari za chakula cha mchana.